Kamba Moja, Mizigo Tatu

Walikale

Riziki, mujukuu wangu,

Uko muzima? Mama yako Vumilia, kile kifua kimemwachilia? Na ile ngombe ya pembe moja, bado inatoa maziwa ao inakula majani ya bure? Mimi niko. Magoti inauma wakati wa mvula lakini mudomo hauumi, njo maana nakuandikia. Mama yako mudogo Furaha anashika biki, mimi nasema. Anataka kulainisha maneno yangu. Nimemukataza, aandike vile inatoka. Mutoto wake anaota meno, anatuuma wote.

Nilipata mesaje yako. Unasema umeanguka Kiingereza, repeshaje, ule mutihani wa kurudilia, hauendi, unaacha masomo ushike jembe. Riziki, jembe halikimbie. Litakungoja mupaka uzeeke, mimi lilinikamata mbele nijue hata jina yangu inaandikwaje. Lakini repeshaje haingoji muntu.

Tena ulinitumia ile sentensi yenye mwalimu wenu alikata na biki nyekundu: My grandmother has left, selling and forget us. Nikakuuliza maana, ukajibu: «Koko, achana nayo.» Ulifikiri kwa sababu sikusoma, itaishia ndani ya simu. Ulisahau niko na jirani.

Nyuma ya nyumba ya Furaha anapanga Mwalimu Espoir, anafundisha Kiingereza kwenye sekondari ya hapa. Kila asubuhi anakula maharagi yangu mbele ya kwenda kazini. Nikamupa sahani, nikamupa na simu. Akasoma, akaacha kutafuna. Akaanza kuniambia ni makosa kidogo tu ya sarufi.

«Sikukuuliza makosa,» nikamwambia. «Inasema nini?»

Akaangalia maharagi. «Mama, anasema Koko yake ameondoka, anauza, amewasahau.»

Nilikaa chini. Sikulia. Furaha anasema nililia, lakini biki ni yake, aandike anachotaka.

Sasa sikia. Nilikuja huku kumusaidia Furaha kuzaa. Mutoto akatoka, na vita ikafunga barabara nyuma yangu. Wenye wanajaribu kupitia Kitshanga kuja huko kwetu wanarudi bila mizigo, wengine hawarudi. Ningekaa mikono mitupu nile chakula ya mukwe? Njo nikaanza kupika maharagi na muhogo, nauzia watu wa soko. Ni ile tu. Hakuna siku nimelala bila kutaja jina yako, na ya mama yako, na hata ya ile ngombe.

Kesho yake nikamukamata tena Mwalimu. Nikamwambia, haya, sasa nionyeshe makosa. Akanieleza ile neno has, tunaisema «haz». Anaiita musaidizi. Anasema muzungu hapendi kurudilia musaidizi mara tatu, anamuweka mmoja mbele na maneno yote inamufuata. Lakini yote inapaswa kuvaa nguo moja. Left, sold, forgotten. Wewe uliweka left, halafu selling, halafu forget, kila moja na nguo yake.

Nikacheka, maana hiyo naijua. Si ni kamba ya kipaji cha uso, ile ya kubebea muzigo? Unapotoka shambani kupanda mulima wa Kingi, kamba ni moja kwenye uso, na nyuma uko na kuni, na majani ya ngombe, na muhogo. Kamba moja inabeba vyote. Lakini ufunge kuni zikiangalia njia moja na muhogo ukiangalia ingine, hata mulima haufike, vyote viko chini na watoto wanakucheka.

Na ile kaalama yenye mukia, virigile ao koma? Ni pale unaegemeza muzigo kwenye ukingo wa njia, unapumua, kamba ikiwa bado kwenye uso. Haufungue kitu. Lakini nukta, pale umetua muzigo chini. Ukitaka kuendelea, unatafuta kamba tena, unafunga upya. Mwalimu Espoir alinitazama, akasema kesho atawaeleza hivyo wanafunzi wake. Nikamwambia kwanza amalize sahani.

Basi akatengeneza sentensi yako: My grandmother has left, sold beans and forgotten us. Akafurahi, eti sasa iko sawa. Nikamwambia hapana, sasa njo imekuwa mubaya zaidi. Kuondoka, nimeondoka. Kuuza, nimeuza. Ile ya tatu ni uongo, na wewe unaifunga na kamba moja na za ukweli ili ipite kama ndugu yao. Itoe humo. Weka kurudi.

Akasema: «Mama, kurudi haiingii kwenye has. Bado haujarudi.»

Hiyo ilinichoma, Riziki. Lakini hakusema uongo. Nikamuuliza, basi kurudi inabebwa na nani? Akasema iko na musaidizi wake peke yake, na wale wengine pia kila mmoja apewe wake, njo inakuwa sawa. Nikaona ni kama vile sisi tunasema hapa nyumbani: ameondoka, ameuza, atarudi. Kila neno linatembea na kamba yake lenyewe.

Utaenda kwenye repeshaje. Siombi, nasema. Wakikuambia uandike juu ya muntu wa kwenu, andika ile ninakutumia hapa chini, na usikose virigile.

Musalimie mama yako, anywe majani ya kifua hata kama ni machungu. Musalimie Papa katekista, na ule jirani mwenye kutulindia mbuzi, mwambie nazihesabu mbuzi zangu hata nikiwa huku.

Nilimwambia Furaha aandike sentensi yote isipokuwa neno la mwisho, lile la kurudi. Hilo nimeliandika mimi, Mwalimu alinionyesha herufi asubuhi yote na maharagi ikaungua. Limepinda, najua. Ni mukono yangu.

Koko wako mwenye hakukusahau.

My grandmother has left, has sold beans, and will return.