Swali Ambalo Mwalimu Anataka Niliondoe

Kasongo, Alhamisi jioni. Mawingu yametufunika tangu asubuhi lakini mvua haiji, na mimi siwezi kutulia. Nimefagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa.

Kwa kazi yangu ya mwisho ya saikolojia, nachunguza kama somo la kuishi na watu tofauti, tunalofundishwa hapa chuoni, linabadilisha pia mawazo ya wanafunzi kuhusu ubakaji. Leo niliwakusanya wenzangu tuzungumze.

Idrisa, anayesifiwa kuliko wote katika somo hilo, aliongea vizuri mno. Waislamu na Wakristo, Wabangubangu na Wazimba, kwake wote ni ndugu. Nikafurahi. Kisha nikauliza: msichana akimtembelea kijana chumbani, kijana akamlazimisha, kosa ni la nani?

“Aliingia na miguu yake,” Idrisa alijibu kwa upole. “Alikuwa anatafuta nini?”

Darasa likacheka. Hata wasichana.

Zawadi hakucheka. Ametoka Salamabila kuja kusoma, na ni mtu wa maneno machache. Alisimama, akatoka. Nilimkuta nyuma ya jengo, ameegemea ukuta. Akanieleza mwenyewe, taratibu, kwamba yalimpata mwaka jana, na kijana aliyemlazimisha bado anasoma hapa. Wakikutana, humsalimia kama kawaida.

“Usiandike jina yangu,” akasema; ndiyo maana hapa nimemwita Zawadi. “Lakini andika kama nilikatala.” Yaani niandike kwamba alikataa.

Nilimwambia kuna mama hospitalini anayepokea wanawake waliofanyiwa hivyo, nami niko tayari kumsindikiza. Akasema atafikiri.

Mchana nikaenda kwa mwalimu anayesimamia kazi yangu, ambaye ndiye anayefundisha somo lile. Sikumtaja Zawadi. Nilimweleza tu kwamba wanafunzi wamejifunza kuheshimu kabila na dini ya mwenzao, lakini si kukataa kwa msichana. Alinisikiliza vizuri. Akasema swali la msichana chumbani litaharibu kazi nzuri, heri niliondoe.

Nikasema ndiyo, mwalimu.

Ndiyo! Neno hilo ndilo lililonishikisha ufagio.

Sasa hivi Zawadi amenipigia simu. Anataka twende hospitalini kesho mapema, kabla hajaogopa tena.

Tutaenda. Tukitoka huko nitarudi kwa mwalimu nimwambie swali linabaki. Anaweza kuikataa kazi yote, na nyumbani wananingoja nimalize.

Nikisimama mbele yake, je, nitaweza kukatala?