Kiriba Kikiingia, Mimi Natoka

Jumatatu, 8 Julai 2024

Kosa la watu wengi ni hili: huuliza muziki ni wa aina gani kabla hawajausikia. Wakishaambiwa jina, masikio yamemaliza kazi. Yanaweza kwenda kulala.

Leo kaka Sadok kaja kunywa kahawa. Nikampa habari njema: binti yangu Olfa anaolewa tarehe tatu Agosti, hapa hapa nyumbani, uani, kama nilivyoolewa mimi. Akafurahi. Akauliza bwana harusi anafanya kazi gani. Nikasema ni fundi wa mashine za kufulia, na jioni hupiga zumari la kiriba kwenye harusi za mtaani.

Kikombe kikarudi kwenye kisahani.

"Kiriba? Ndani ya nyumba ya baba?"

Kaka ni mkuu wa baraza la maluf la mtaa wetu. Maluf ni zile nyimbo walizokuja nazo wazee kutoka Andalusia: udi, fidla, watu wameketi, migongo imenyooka. Kiriba kwake ni makelele ya walevi na wafungwa.

"Sikiliza, Beya. Kiriba kikiingia, mimi natoka."

Olfa alikuwa mlangoni na sinia. "Mjomba asisahau kofia basi. Nje kuna jua kali."

Na kidevu kimeinuliwa vile vile kama cha mjomba wake! Sijui nani kamfundisha mwenzake.

Kaka kaondoka bila kumaliza kahawa. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha mpaka nikawa mwalimu. Ndugu wengine wote wametangulia, tumebaki wawili. Nataka aketi kando ya Olfa akitia saini ndoa yake. Sina ombi jingine.

Jumatano, 10 Julai

Nieleze kidogo, ingawa hakuna anayesoma. Mazoea ya ualimu hayaishi.

Kiriba ni ngozi nzima ya mbuzi. Unaijaza pumzi, unaikumbatia kwapani, unaikamua, na sauti inatokea kwenye mianzi miwili yenye pembe mbili za ng'ombe. Sauti haiombi ruhusa. Nilipokuwa msichana, redio haikuipiga kabisa. Kwa hiyo watu wenye heshima hawakuipenda. Au tuseme, waliipenda kwenye harusi ya jirani, dirisha likiwa wazi kidogo.

Nizar alikuja jioni na kiriba chake. Huyu kijana tulimpata kwa sababu ya mashine yetu. Aliitengeneza siku ya kwanza, ikazunguka. Akarudi "kukagua bomba." Akarudi tena "kusikiliza mlio." Mimi nikadhani ni fundi mbovu. Kumbe!

Mwaka jana akamtungia Olfa wimbo: Zunguka, Mashine, Zunguka. Sasa hivi madereva wa teksi wote wa mtaa wa Bab Souika wanaujua. Ameupiga leo mlangoni petu. Wanawake wa nyumba ya pili wakapiga vigelegele, na muuza samaki akacheza na ndoo kichwani.

Mimi nilitega sikio. Si kwa adabu. Ni kwamba nyimbo zetu zina koo, kama watu: kila ukoo una njia yake ya kupanda na njia yake ya kushuka. Wimbo huu wa mashine ulipokuwa ukishuka nikautambua. Ndiyo njia ile ile ya maluf aliyonifundisha kaka nikiwa mtoto, akinigongea mapigo magotini kwa vidole ili nisipotee. Ukoo mmoja kabisa! Tofauti ni mbuzi tu.

Ijumaa, 12 Julai

Nikaona nianze na Nizar, kwa kuwa ni kijana na vijana hawana ubishi. (Miaka yote ile darasani, na bado naamini hili.)

Nikamwambia, mwanangu, leo nakuwekea maluf. Akapiga miayo. Bado sijabonyeza kitufe!

"Mama, heshima zako, lakini huo ni muziki wa kusubiria daktari."

Nikampa maelezo: sehemu ya polepole, sehemu ya katikati, sehemu ya haraka, na kwa nini zimepangwa hivyo. Nilipofika Andalusia alikuwa anakoroma, mkono bado umeshika kipande cha mkate. Olfa akamfunika shuka. Kanda ikaendelea mpaka mwisho.

Alipoamka akaenda kunawa uso. Na huko bombani, wallahi, alikuwa anaimba pole pole ile sehemu ya haraka.

"Unaimba nini?" nikauliza.

"Sijui, Mama. Kitu cha vijana wa mtaa wa Mellassine, nafikiri. Kizuri, eh?"

Jumanne, 16 Julai

Nimefanya jambo. Sikusema uongo hata mmoja, nasisitiza.

Baraza la kaka hukutana Jumanne. Lina adabu yake: hakuna mwenye ruhusa ya kusifu wimbo kwa "Allah!" kabla ya mkuu. Mzee Férid wa duka la manukato aliwahi kumtangulia kaka kwa nusu pumzi tu. Mpaka leo anaitwa Saa Inayokimbia.

Nikaenda na jirani yangu Bi Douja, mpiga udi. Wiki nzima nimekuwa nikimwimbia ule wimbo wa mashine jikoni. Yeye kaunyoosha, kaupunguza mwendo, kauondoa maneno. Zamu yake ilipofika akapiga.

Kaka alifumba macho. Wazee kumi na tano wakamtazama yeye, si udi. Kisha, pale wimbo unaposhuka, pale pale —

"Allah!"

"Allah! Allah!" wakaitikia wote, kama maji yaliyofunguliwa.

Kaka akafuta jicho. Akauliza, "Umetoka wapi huu, Douja?"

"Kwa fundi mmoja," akasema Bi Douja.

Kweli tupu!

"Naam," akasema kaka. "Mafundi wa kale." Akageuka kwa wenzake na kuanza. Kwamba huu bila shaka ni wa wazee wa Testour, mji waliohamia watu wa Andalusia. Kwamba ulipotea. Kwamba bibi yetu aliwahi kuuimba, na yeye anakumbuka vizuri. (Bibi yetu!) Kwamba katika mnong'ono ule wa katikati unasikika mzunguko wa gurudumu la maji la bustani za Andalusia.

Bi Douja akakohoa sana, ikabidi nimtoe nje.

Gurudumu, naam. La kilo saba, lenye dirisha la kioo.

Jumatano, 17 Julai

Mungu nisaidie. Kaka kapiga simu alfajiri. Amesamehe kila kitu. Atakuja harusini pamoja na baraza lote, na bibi harusi ataingia uani kwa ule wimbo wa Testour. Ni zawadi yake. Sharti ni moja — lile lile: kiriba kisiingie.

Na wimbo ambao Nizar na wenzake watampokelea mkewe ni upi? Ule ule. Alimwahidi tangu mwaka jana.

Olfa kacheka mpaka kwikwi. Kisha kaacha kucheka. "Mwambie mjomba, Mama. Akiondoka mbele ya watu wote, sitamsamehe. Na wewe pia kidogo."

Jumapili, 28 Julai

Nimempigia kaka mara tatu kumwambia. Mara zote tatu amenieleza wimbo. Nikasema, kaka, kuna jambo kuhusu asili yake. Akasema, "Usinifundishe asili, mimi nakijua kisima ulikotoka."

Nimemwambia Nizar badala yake kwamba baraza litaupiga wimbo wake kama maluf. Sikutegemea. Kakasirika!

"Maluf? Wimbo wangu? Mama, watu wa mtaani wakisikia nitaficha wapi uso?"

Jumamosi, 3 Agosti

Naandika chumba cha juu, Olfa anafungwa vifungo vya mgongoni na shangazi za Nizar. Uani chini baraza la kaka limeketi, majoho meupe, kofia nyekundu. Nizar na kundi lake wako uchochoroni, mlango umefungwa. Nilimwambia asubiri ishara. Ishara gani? Sijaamua.

Asubuhi nilimkamata kaka jikoni. Nikasema moja kwa moja: "Wimbo ni wa Nizar." Alikuwa anaonja kaskusi. Akasema, "Chumvi kidogo." Sijui alinisikia. Amezeeka sikio moja, lakini huwa anachagua lipi.

Wameanza! Udi, fidla. Mwendo wa maringo. Olfa kasimama.

Sasa — ya Rabbi — kiriba. Kule nje Nizar kausikia wimbo wake, hakuweza kujizuia. Unapita juu ya ukuta, mbuzi mzima! Wageni wamegeuza shingo. Mzee Férid kafunika mdomo.

Udi umenyamaza. Fidla. Kiriba nacho kimekata pumzi.

Nachungulia dirishani. Kaka amesimama. Viatu anavyo miguuni, mlango uko mbele yake. Sasa anapaza sauti:

"Huyo wa nje! Anakimbia! Aanze upya, na asubiri pale wimbo unaposhuka!"

Nje, Nizar: "Sikimbii, Mjomba! Nyinyi ndio mnasinzia!"

"Nani anasinzia? Fungueni mlango huo nimwone!"

Mlango unafunguliwa. Sioni kutoka hapa ni nani anaelekea wapi, kofia nyekundu zimejaa kote. Olfa ananivuta mkono: "Mama, shuka ukawaeleze."

Nina maelezo mazuri sana, nimeyapanga tangu alfajiri.

Beya, leo usieleze. Weka kalamu, shuka, kaa kitako, usikilize.