Alama za Meno ya Baba

Kaka yangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini akishapata chai anatembea na kuwasema watu kama kawaida yake. Kila nikipita kwake ananiuliza habari zako. Nami nakusalimu, ingawa salamu zangu leo ni nzito, na utajua kwa nini.

Kazi yangu ya kusafisha viko naendelea nayo palepale kwenye meza ya jikoni. Mume wangu analalamika kwamba hata chai yake inanuka tumbaku, nami namjibu kwamba jiko liko wazi, apike yake.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja mstaafu, mpole, akaniletea mirija mitatu ya viko. Mirija mitupu, vichwa vyake kaviacha nyumbani. Nilishangaa, maana wateja huleta kiko kizima. Akaeleza kwamba aliyemwelekeza kwangu ni kijana fulani anayenifahamu, na ndiye aliyemshauri asilete vichwa, kwa kuwa mti ukilowa hupasuka. Nikaona huyo kijana ana akili.

Mrija wa tatu ulikuwa na ukoko wa kijani. Nikauloweka kwenye dawa ya madoa, nikausugua. Ukoko ulipotoka zikaonekana alama za meno: mashimo mawili upande wa kulia, na katikati yake pazima, pale ambapo mwenyewe hakuwa na jino. Nilicheka peke yangu, nikasema kumbe kuna mwingine aliyekuwa akiuma kiko kama baba. Nikapitisha kidole gumba, na kidole kikaniambia ni baba huyu. Nikakibishia. Wewe ulituambia kwamba kiko cha baba ulikitia ndani ya sanda kwa mkono wako, kama alivyokuusia. Unakumbuka nilivyokuomba unipe? Mimi ndiye niliyemsafishia kila wiki tangu nikiwa mdogo, na kazi hii nilijifunzia kwenye kiko hicho. Ukasema wasia wa marehemu haupingwi, nami nikaacha kuomba.

Basi nikafanya kazi. Unajua fahari ya kazi yangu ni kufuta meno ya mtu. Nikaushika juu ya mvuke hadi mpira wake mgumu ukafura na mashimo yakainuka, yaliyobaki nikayajaza gundi na unga wa mkaa, nikapiga msasa mkavu, kisha wa maji, nikamalizia kwa nta na kitambaa. Siku mbili nzima. Ukatoka mweusi, unateleza, hauna alama hata moja. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, Mungu anisamehe.

Wiki iliyopita mzee akasema mrija mmoja unalegea, akaniomba nifike kwake niurekebishe. Akaweka kichwa cha kiko mezani. Chini yake kuna samaki niliyemchora kwa msumari nikiwa na miaka saba, ambaye baba alinichapa kwa ajili yake, kisha akawa anamwonyesha kila mgeni. Mzee, kwa furaha, akanieleza kwamba kiko hicho amezawadiwa na kijana yuleyule aliyemwelekeza kwangu, anayemchumbia binti yake, kwamba ni urithi wa baba wa kijana huyo na familia nzima imeridhia. Akataja jina lako.

Kaka, kupenda si kosa. Hata kumpa mkweo kiko, ungeniambia, ningelia na pengine ningekubali. Lakini ulijua nikikiona kichwa nitakitambua, ndiyo maana ukaagiza mrija uje peke yake. Umeitumia mikono yangu mwenyewe kumfuta baba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani wanasema habari za watu wengine. Umenisaliti. Sina neno laini zaidi la kukupa.

Nami nina langu la kuungama. Mzee aliponiuliza kama nakufahamu vizuri, nilisema tunajuana kwa mbali tu. Niliona aibu kusema ni ndugu yangu. Akaniambia Jumapili hii anakwenda kumsalimia mama wa kijana, na atakwenda na kiko hicho mdomoni, ili mama afurahi kuona kinavyotunzwa. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia. Mama hadi leo anawaambia watu kwamba mumewe amelala na kiko chake, na hilo ndilo linalomlaza usingizi. Atamjua yule samaki kabla mgeni hajaketi.

Watoto wanakusalimu, na shemeji yako pia. Hawajui lolote. Pokea salamu zangu na uwe na afya njema. Ukija, usipitie kwangu. Nenda moja kwa moja kwa mama, na uende kabla ya Jumapili.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike.