Jina la Mama kwenye Granola ya Ganda-Gumu

Nyumba Na. 418, Mtaa wa Kinu,
Skogen Falls, Wisconsin.
Oktoba 14, 2024.

Mpendwa Duane,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu Mama alitulea hivyo. Usilitegemee sana.

Hujambo huko jangwani ulikohamia? Goti linaendeleaje? Nauliza kwa sababu ndilo lililokuzuia kuja huku Jumamosi kwenye uzinduzi wa kitabu chako, ingawa wifi yangu Jolene alinitumia picha yako ukicheza gofu siku hiyohiyo, umekunja goti vizuri kabisa. Hongera kwa kupona haraka. Sisi huku ni wazima. Majani yanapukutika, mfereji wa paa umeziba, na mimi nina hasira nawe kuliko siku ile uliponipaka gundi kwenye nywele kabla ya kipaimara.

Nianze na kitabu chako. Ni kizuri, sitakunyima haki yako. Umekusanya matoleo yote kumi na sita ya katuni za Ganda-Gumu aliyochora Baba, karatasi ni nzito, na shujaa wetu yuko jaladani na joho lake la kahawia, mfuko wa njugu kiunoni na taya lake pana kama droo ya kabati. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikalia. Machozi yale nayajutia sasa, kwa sababu nilikuwa sijafika ukurasa wa mwisho.

Kwenye ukurasa wa mwisho, penye mapishi ya ule mchanganyiko wa oti na jozi, umeandika: "Granola ya Ganda-Gumu, iliyobuniwa na kuokwa na Lowell Tveit." Halafu, kana kwamba hiyo haikutosha, ukaongeza maneno yako mwenyewe, kwamba kila Jumamosi asubuhi Baba alisimama mbele ya oveni akitafuna kiganja baada ya kiganja cha lozi na jozi, ili aonje nguvu za shujaa wake.

Duane, una wazimu?

Baba alikuwa na meno ya bandia, juu na chini, tangu alipotoka jeshini akiwa na miaka ishirini na sita. Chembe moja ya jozi ikiingia chini ya yale meno, alikimbilia bafuni na kufunga mlango. Alikula uji wa oti uliolainishwa kwa maziwa mpaka siku aliyokufa. Nadhani ndiyo sababu alichora mtu anayepasua maganda kwa meno, na simcheki kwa hilo. Lakini wewe unalijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni wewe uliyeyaiba yale meno kwenye glasi ukaenda kumtishia paka wa jirani.

Aliyesimama mbele ya oveni ni Mama. Watoto wa mji huu walipoanza kubisha hodi Jumamosi, mataulo yamefungwa shingoni kama joho la shujaa, wakidai chakula cha Ganda-Gumu, Baba alijifungia chumba cha kuchorea akijifanya hasikii. Mama ndiye aliyefungua mlango. Hakuwa na kitu ila oti, asali, siagi na mfuko wa jozi alizozipasua mwenyewe kwa nyundo. Mara ya kwanza aliunguza. Mara ya pili ilikuwa tamu lakini laini, na mtoto mmoja akamwambia usoni, "Hii haigongi, mama! Chakula cha Ganda-Gumu kinagonga!"

Wiki tatu alihangaika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, wewe tisa, na sote wawili tulikula kila alichoharibu. Mpaka akagundua kwamba jozi zikaangwe kwanza peke yake, asali ichemke na siagi na chumvi kidogo, kisha vyote viokwe kwa moto mdogo bila kukorogwa, na sinia liachwe lipoe pasipo mtu kuligusa. Wewe uliligusa. Ulipigwa mwiko mkononi, ukaahidi utamshtaki Mama kwa Ganda-Gumu. Sasa naona umetimiza.

Najua ulikolitoa jina la Baba. Umelitoa kwenye kile kitabu cha mapishi cha akina mama wa kanisa, cha mwaka 1969, ambacho kila mwanamke ameandikwa kwa jina la mumewe. Bi. Harold Skaar na biskuti zake. Bi. Einar Moe na samaki wake wa Krismasi. Bi. Lowell Tveit na granola. Ndivyo walivyoandikana, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mtu pale kanisani alijua jikoni kwa nani kuna nani. Wewe ukaona "Lowell Tveit" ukadhani umepata ushahidi. Mtu uliyelelewa jikoni mle!

Na hata hilo ningelimeza. Ningesema Duane ni mvivu, alinakili bila kufikiri, basi. Ninachoshindwa kumeza ni simu ya Pasaka. Nilikuwepo. Ulimpigia Mama ukamwomba akusomee vipimo, akakusomea taratibu, kikombe kwa kikombe, miwani puani. Mwishoni ukamwambia, "Jina lako litakuwa ndani, Mama, utaliona mwenyewe." Alikata simu akabaki ameshika mkono wa kiti. Ana miaka themanini na saba. Jina lake, Ardis, halijawahi kuchapwa popote ila kwenye leseni ya gari, nayo walimnyang'anya mwaka juzi.

Alinunua blauzi, Duane. Ya bluu, yenye vifungo vya lulu. Alinunua mwezi wa saba kwa ajili ya Jumamosi.

Basi Jumamosi ikafika. Maktaba ilijaa. Bi. Pruitt, yule mkutubi mpya, alikuwa ameoka sinia tano za granola kwa kufuata ukurasa wako. Zabibu kavu, ambazo Mama alikuja kuziongeza miaka ya baadaye, wewe uliandika ziingie oveni pamoja na vingine. Mama alikusomea ziingie mwisho, sinia likishapoa! Zilitoka nyeusi na ngumu kama risasi za kuwindia ndege. Watu walitafuna kwa adabu, macho yakiwatoka. Orville Skaar, ambaye zamani alikuwa wa kwanza foleni na taulo lake la njano, na sasa ana kipara na wajukuu, alimjia Mama ameshika shavu.

"Mama Ardis, mbona hii siyo ile uliyokuwa ukitugawia mlangoni?"

"Muulize Lowell," Mama akamjibu. "Si ndiye mpishi? Imeandikwa hapo."

"Lowell yuko makaburini tangu mwaka tisini na nane, mama!"

"Basi subiri zamu yako, utamkuta."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ameshausoma ukurasa wa mwisho. Nilisimama nikafuata kipaza sauti. Nilikuwa nimeshapanga maneno: meno, glasi, paka, vyote. Mama akanishika nyuma ya kiwiko na kunifinya kama alivyokuwa akitufinya kanisani.

"Marlys, ukiyataja meno ya baba yenu mbele ya watu hawa, utarudi nyumbani kwa miguu."

"Lakini Mama, amekudhulumu!"

"Nimeyaficha meno yale miaka sitini. Siyatoi leo kwa sababu ya Duane."

Ndivyo alivyo. Wewe umemvua alichokifanya ili umvishe Baba, naye bado alikuwa anamfunika Baba. Nikakaa. Sijui ningefanya nini kingine.

Kisha wakamwita mezani atie sahihi, kama mjane wa mchoraji. Watu wakapanga foleni. Bi. Pruitt alimfungulia kila kitabu ukurasa wa kwanza, penye picha ya Baba. Mama akawa anafunua mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho. Anakata mstari mmoja juu ya "Lowell", mnyoofu kabisa, na juu yake anaandika "Ardis". Anakausha wino kwa leso. Anasema, "Haya, mwingine."

Bi. Pruitt aliinama akamnong'oneza, "Samahani, Bi. Ardis, nadhani unachafua vitabu."

"Nasafisha, binti. Sogea, unanizibia mwanga."

Hakuna aliyeuliza swali. Wazee walielewa upesi, vijana wakadhani ndiyo desturi. Vitabu mia moja na arobaini na vitatu, Duane. Vidole vyake vilivyopinda unavijua. Kwenye kile cha Orville aliandika kwa herufi kubwa, na yule mzee mwenye kipara akalia mbele za watu.

Sikuandika haya ili ufurahie. Ndani ya gari, tulipofika darajani, Mama aliniuliza, "Nilikuwa palepale jikoni, Marlys. Hivi Duane hakuniona?" Tangu hapo hajalitaja jina lako. Blauzi ameifua, ameipiga pasi, ameirudisha kwenye boksi la dukani.

Sasa nisikilize, mdogo wangu, kwa sababu nasema mara moja. Mpigie simu. Wewe, siyo Jolene. Usimweleze habari za kitabu cha kanisa, usimwambie mchapaji alikosea, usianze kumsifu Baba. Baba alikuwa mtu mwema na mchoraji hodari, na angekuchapa kwa hili. Vitabu vilivyobaki kwa mchapaji visiuzwe hata kimoja mpaka ukurasa ule urekebishwe. Usipofanya hivyo, Siku ya Shukrani kula bata mzinga wako hukohuko jangwani, maana mlango huu nitaufunga mimi.

Msalimie Jolene, ambaye simlaumu, na umwambie asante kwa picha. Msalimie binti yako Kirsten, na umwambie nyanya yake anamngoja amfundishe kukaanga jozi kabla vidole havijakataa kabisa. Orville anakusalimu pia, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika.

Mwisho kabisa. Ndani ya kifurushi hiki umo kitabu chako, cha mia moja na arobaini na nne. Kilikuwa cha mwisho mezani. Nilimwambia Mama, "Na hiki cha Duane, usikisahau." Alikifungua ukurasa wa mwisho, akakifunga bila kuandika kitu. Akaweka kalamu yake katikati ya kurasa na kunikabidhi.

"Hicho atakiandika yeye," akasema.

Kalamu bado ina wino. Mungu akulinde, na akupe mkono usiotetemeka.

Dada yako, akupendaye hata leo,
Marlys