Kadi Mbili kwenye Stuli Yako

Fundi,

Meza bado ipo. Naanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeiulizia kwanza. Kila Jumapili baada ya kanisa natoka Kisumu Ndogo hadi karakana yako hapa Kabiro, Nairobi, nikinukia dagaa wangu wa omena kama kawaida, nawakuta Baba Njeri mwenye ploti na Otis kinyozi wameshaanza kuzozana. Poka ni ile ile, karata za kuwekeana vifuniko vya soda badala ya pesa, na anayeishiwa wa kwanza anaosha vikombe.

Tuliporudi kutoka kukuzika Kitui, Baba Njeri alisema hatuwezi kukutoa kwenye mchezo hivi hivi. Basi kila mzunguko tunakugawia kadi zako mbili, tunazilaza kifudifudi kwenye stuli yako, kisha tunazirudisha bila kuziangalia. Hatukuona vibaya. Hata ulipokuwa hai, nyingi ulizirudisha.

Unakumbuka nilikuja kununua meza ya kuuzia omena, nikabaki? Mimi nilidhani utamu wa poka uko mwishoni, zile kadi tano za katikati zikifunuliwa na watu wakatoleana macho. Wewe ukasema kazi yote iko kwenye mbili za kwanza, kuingia nazo au kuziacha, ukaniita binti wa Kisumu kwa Kijaluo: "Wewe Nyar Kisumu, ukipata Ace na saba unaona umeokoka? Weka chini. Chai haijaisha." Ukiwa wa kwanza kusema kama unaingia, ulingoja kadi kubwa tupu. Ukiwa wa mwisho, umeshaona wenzako wanavyojikuna, ulijaribu hata za wastani. Mara nyingi ulikunywa chai yako tu huku sisi tukimalizana. Ulinikera sana, Musyoka. Sasa natamani unikere tena.

Mkeo Nduku hakuwa sawa, sikufichi. Alileta chai kama zamani, akaweka birika, akaondoka kabla hatujamimina. Wiki chache zilizopita aliniambia atauza randa na misumeno yako arudi Kitui, kwa sababu Nairobi hana tena kitu cha kumshika.

Jumapili hii aliweka birika, akaona kadi kwenye stuli. Akauliza ni za nani. Otis akasema ni za fundi. Akauliza nani huziangalia, tukasema hakuna. Basi akazichukua, akaketi. Stuli yako, ambayo hakuna aliyethubutu hata kuiwekea kofia. Nilikasirika, nakwambia ukweli. Nusura nimwambie ainuke.

Aliinua pembe za kadi kwa kidole gumba, vile vile kama wewe, akaziweka chini. Mzunguko uliofuata akaweka chini tena. Na tena. Baba Njeri, ambaye bado anaingia na kila takataka anayogawiwa, akamtania kwamba anaogopa. Nduku akajimiminia chai. "Chai haijaisha," akasema.

Nililia, Fundi. Otis alijifanya anapanga vifuniko.

Kisha nikapata Ace na saba, na mimi ndiye wa kwanza kusema. Najua, najua. Niliingia. Nduku akatazama zake, akatulia, akasukuma katikati rundo zima la vifuniko tulilomgawia. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: anayeacha zote akiingia, mwamini. Nikaweka chini. Baba Njeri naye akaweka chini, na hilo hujawahi kuliona. Otis akafuata. Nduku akafunua zake: King mbili.

Tulimuuliza amejifunzia wapi. Kumbe miaka yote alipokuwa akituletea chai alisimama nyuma yako mpaka utazame kadi zako. Ukizipenda, alisema, mabega yako yalikuwa yanashuka. Alijua za kuingia nazo na za kuacha kwa mabega yako. Halafu alirudi jikoni chapati zisiungue, hajawahi kuona mchezo ukiisha. Akanyoosha kidole katikati ya meza akauliza, "Na hapa huwa mnaweka zile tano za nini?"

Tukacheka mpaka Baba Njeri akakohoa. Nduku pia alicheka, Musyoka. Mara ya kwanza tangu Kitui.

Alipoondoka alibeba birika, kisha akarudi mlangoni. Alisema misumeno haiuzi kwanza. Alisema Jumapili ijayo ataleta mandazi, na tumfundishe mwisho wa mchezo.

Kwa hiyo lala salama, Fundi, na usinune: hatutakugawia tena. Kadi zako sasa zina mtu wa kuzitazama. Mimi nakuahidi nitamfundisha zile tano polepole, Jumapili kwa Jumapili, nisimalize upesi. Na Ace na saba nitaziweka chini. Nikiwa wa kwanza kusema, lakini. Nikiwa wa mwisho, uniachie.

Wako,
Nyar Kisumu