Hisa za Mjomba kwa Tumbusi

Gaborone, 4 Machi

Mjomba Keoagile,

Ninakuandikia kuuliza kama ni kweli umezitoa hisa zako zote kwa shirika la kuhifadhi tumbusi. Natumaini magoti yako yamepata nafuu na mvua imewafikia. Huku tu wazima. Fomu yenye sahihi yako ililetwa jana mezani pangu, katika ofisi hii ya udalali wa hisa nilikoajiriwa majuzi. Nimeisoma mara tatu, na nakiri kwamba shahada yangu haikunisaidia. Ulipouza ng'ombe ukanunua hisa hizo, ulitamka mbele ya mama kwamba ndizo zitakazonilipia mahari, nami Julai namuoa Lesedi. Je, nimekukosea?

Mpwa wako,
Otsile

Gumare, 15 Machi

Mpwa msomi,

Barua yako imevaa suti, nimeisoma nimesimama. Magoti yananiuma kama kawaida, mama yako hajambo, kanuna tu. Hujanikosea. Hao wa shirika nimewapa hisa kwa mafisa, kama babu yako alivyowapa majirani ng'ombe: wakamue maziwa, yaani gawio la kila mwaka, lakini ng'ombe ni wangu. Julai nitakwenda kuwachukua. Chuoni hawakukufundisha hilo?

Sababu unaijua nusu. Simba aliponilia ndama, nilitia sumu kwenye mzoga. Simba hakuja. Walikuja tumbusi. Niliwazika siku mbili, na hakuna aliyenishtaki kgotla, barazani kwa chifu.

Mjomba wako

Gaborone, 23 Machi

Mjomba,

Nakusalimu kwa heshima, nikiwaombea afya wewe na mama. Katika soko la hisa hakuna mafisa. Nikigonga muhuri, hisa ni za shirika milele. Julai hutarudishiwa hata moja. Kinyume cha taratibu, nimeificha fomu kwenye droo siku ishirini, na mkuu wangu ameanza kuiulizia. Sijui kama ninamsaliti mwajiri au ninamwokoa mjomba. Niamuru: nigonge, au niirudishe?

Mpwa wako,
Otsile

Gumare, 27 Aprili

Otsile,

Usidhani nilikuwa mgonjwa. Mwezi mzima nimetembea na barua yako mfukoni. Mama yako kasema, "Kaka, umechanganyikiwa. Irudishe hiyo fomu, ndege hawaoi." Nikacheka, kisha nikakumbuka siku zile mbili za kuzika. Leo zizini nimeona jambo moja tu: mtu aliyetozwa faini hapeleki kgotla ng'ombe wa mafisa, kesho akamfuata. Hisa hizo ndizo faini yangu kwa tumbusi. Gonga muhuri. Kwa wakwe tutakwenda mikono mitupu, na kinywa kitakachoomba muda ni changu, si chako. Ukinikasirikia, una haki.

Mjomba wako

Gaborone, 4 Mei

Mjomba,

Sote tu wazima, ila Lesedi ameniuliza tumbusi hao wamekuwa wapwa zako tangu lini. Nimegonga muhuri asubuhi ya leo. Bado sielewi, na sitajifanya ninaelewa. Baba yake Lesedi amekubali kutupokea nyumbani kwake Kanye. Vaa koti, ndiyo heshima ya posa. Nitakungoja langoni kwao Jumamosi, tarehe 23 Mei, saa kumi na mbili asubuhi.

Mpwa wako,
Otsile