Ile Ndiyo ya Kaka Yako

Sekei,
Arusha.
10 Julai 2016

Mpendwa wifi yangu Fransiska,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje na zile zamu za hospitali? Watoto wako hawajambo? Hapa Sekei tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu imetushika vibaya, Mlima Meru umejifunika wingu hata hatuuoni, na kaka yako namvalisha makoti mawili kama mtoto.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Lile kundi letu la ukoo kwenye simu shemeji yangu Arnold naye yumo, na kila nikianza kueleza jambo mtu ananijibu kwa picha ya mikono inayosali. Nataka unisome mpaka mwisho bila mtu kuniingilia.

Umeambiwa kwamba kaka yako Sylvanus amekubali shamba la wazazi wenu la Usa River liuzwe kwa wale wenye kampuni ya maua. Wifi, hakukubali.

Unajua tangu kiharusi kimpige, neno lililobaki mdomoni mwake ni moja tu: ndiyo. Wewe uliondoka nchini ukamwacha akiwa mzima, dereva wa watalii anayewataja ndege wa maziwa ya Momela kwa Kijerumani na Kiingereza bila kupumzika. Siku hizi ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Akili yake ni nzima kabisa, anajua anachotaka, ila neno likifika mdomoni linageuka kuwa hilohilo. Kuandika nako kumekataa.

Ndiyo sababu niliithamini sana ile kompyuta ya sebuleni. Yule dada aliyekuwa anamfanyisha mazoezi ya kuongea, kabla hajarudi kwao, alituwekea programu yenye picha na maneno. Sylvanus anachagua kwa mkono wa kushoto, na kompyuta inasema. Sauti ni ya Reginald mwanetu. Alikaa siku nzima akisoma neno mojamoja, kwa kuwa sauti yake na ya baba yake watu huzichanganya kwenye simu. Siku ya kwanza mume wangu aliniambia, "Agnela, chai haina sukari." Nilikwenda jikoni nikalia. Miezi yote ile nilikuwa namuuliza kama chai imekolea, na yeye ananijibu ndiyo.

Sasa habari za shamba zilipoanza, Arnold akasema kikao kifanyike hapa kwetu, kwa kuwa kaka mkubwa hawezi kusafiri. Nilimshukuru kwa hilo, Mungu ananiona. Sylvanus akaanza kutayarisha maneno yake. Kila asubuhi baada ya kuoga anakaa mbele ya kompyuta, anatafuta, anafuta, anaanza upya. Mwisho alipata haya: "Tusiuze. Tukodishe. Baba alihama Kibosho kwa ajili ya shamba hili. Mama amelala pale." Akaniita nisikilize. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kazini.

Lakini kuna jambo lilikuwa likiendelea humo ndani ya kompyuta nisilolijua. Tangu wakati wa Pasaka kulikuwa na kisanduku kinachojitokeza pembeni ya kioo, kwa Kiingereza, kwamba kuna mfumo mpya wa kompyuta, ni wa bure, tuuchukue. Nakifunga. Kesho kinarudi. Nakifunga tena. Bando la modem likawa linaisha haraka, nikamsingizia mpangaji wetu kwamba anajiunga na intaneti yangu. Kumbe ule mfumo ulikuwa unajishusha wenyewe kimyakimya. Reginald amenieleza baadaye kwamba kile kisanduku cha mwisho kilikuwa kimeshapanga na siku ya kuuweka. Ukikifunga kwa ile alama ya pembeni, hujakataa, umekubali. Wifi, mimi na uzee wangu huu najua kwamba ukimfungia mtu mlango umemkataa. Hao wenye mfumo wao, huko waliko, nani aliwaruhusu waingie sebuleni kwangu?

Walikuja Jumapili ya kwanza ya Juni baada ya Misa: Arnold, Dismasi mdogo wenu, na baba yenu mdogo, Mzee Ndesanjo, kama mkubwa wa ukoo. Nilipika machalari ya ndizi na nyama, wakala wakashiba. Sylvanus hakula sana. Nilipomgeuza kiti aelekee kompyuta, kioo kilikuwa kimegeuka rangi ya buluu, kiduara kinazunguka, na chini maneno yanatuamuru tusizime.

"Ni nini hicho?" Mzee Ndesanjo akauliza.

"Sijui, baba. Inajibadilisha yenyewe."

Tukasubiri. Soda zikanywewa. Kiduara kikazunguka. Arnold akawa anatazama simu yake, anasema wanunuzi wanataka jibu kesho asubuhi, la sivyo watakwenda kwa jirani. Hatimaye kompyuta ikawaka, ikatukaribisha kwa maneno matamu, kila kitu kimehamishwa mahali pake. Nikaitafuta programu ya Sylvanus, nikaipata, nikaifungua. Ikaniambia haiwezi kufanya kazi kwenye mfumo huu. Nikajaribu tena. Kaka yako alikuwa ameushika mkono wangu, anauminya.

Nikawaomba. "Tuahirishe mpaka Jumapili ijayo. Reginald atakuja kutoka Dodoma, atairudisha ilivyokuwa. Kaka yenu ana neno la kusema, nimelisikia mwenyewe."

Arnold akanijibu kwa upole, ule upole wake unaoujua. "Shemeji, mambo ya ukoo hayawezi kungoja kompyuta. Kaka yupo hapa. Tumuulize."

Mzee Ndesanjo akasogeza kiti. "Sylvanus mwanangu, unakubali shamba liuzwe?"

"Ndiyo," akasema kaka yako.

Wifi, ungemwona. Alikuwa anatikisa kichwa kukataa, mpaka mishipa ya shingo inasimama, anapiga mkono wa kiti kwa ngumi. "Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!" Machozi yanamtoka, na kila akilisukuma lile neno jingine, linatoka hilohilo.

"Mbona anatikisa kichwa huyu?" Mzee akauliza.

"Ni ugonjwa, baba mdogo," Arnold akasema. "Kichwa kinatikisika. Neno umelisikia kwa masikio yako."

Hapo nilisimama. Nikamwambia, "Arnold, unajua vizuri kwamba hana neno lingine. Umekunywa chai hapa mara ngapi? Mbele yako nilimuuliza kama amekuwa mwanamke, akasema ndiyo, mkacheka wote na yeye akacheka. Leo unajifanya hujui?"

Hakunitazama. Akasema, "Shemeji, wewe umeolewa hapa. Hili ni la watoto wa marehemu." Kisha akamgeukia Dismasi, aliyekuwa anaandika muhtasari. "Andika. Kaka mkubwa amekubali."

Dismasi akaandika. Mzee Ndesanjo hakumaliza soda yake. Nilipomsindikiza getini alinishika bega. "Mama Reginald, nisamehe. Wamenizidi nguvu." Nikamfungulia geti.

Na wewe, wifi. Nakupenda, na ndiyo maana sitakuficha. Jioni ileile ulimwandikia Arnold kwamba kama kaka mkubwa amekubali, na wewe umekubali. Ujumbe huo Arnold ameuonyesha kila mtu. Kwa nini hukunipigia kwanza? Wewe ni muuguzi, wagonjwa wa namna hii unawahudumia huko kila siku. Ungeniuliza swali moja tu.

Reginald alikuja wiki iliyofuata. Alikaa na ile kompyuta tangu asubuhi mpaka mchana, akaurudisha mfumo wa zamani, na programu ikafunguka kama vile hakuna kilichotokea. Nilimpigia Arnold aje asikie maneno ya kaka yake. Alisema ana shughuli, na kwamba karatasi zimeshasainiwa. Migomba imeshang'olewa, wifi, na nguzo za vibanda vya maua zimefika mpaka karibu na kisima. Makaburi ya wazazi wenu yamezungushiwa waya. Novemba, siku ya marehemu, tukitaka kwenda kuwasha mishumaa, tutaomba ruhusa kwa mlinzi.

Tulimketisha Sylvanus mbele ya kompyuta yake, mimi na Reginald tukakaa pembeni. Tulidhani atawatukana nduguze, na Reginald alikuwa amemwongezea maneno mengine makali kwa ajili hiyo. Hakuyagusa. Alitafuta kwenye picha za jamaa mpaka akaipata ya kwako, ile uliyopiga na Mama siku ya kipaimara. Akaibonyeza. "Fransiska." Akatafuta tena. "Mwambie." Kisha, "Mimi." Kisha, "Hapana."

Nikadhani amemaliza, nikataka kumgeuza kiti. Akanizuia. Akarudi kwenye ileile picha, akasogeza mkono polepole mpaka kwa Mama. "Mama," kompyuta ikasema kwa sauti ya mwanangu. "Samahani."

Basi nimekwambia, kama alivyoniagiza. Mpigie siku ukipata nafasi. Usimuulize lolote. Ongea naye tu Kikibosho, mkumbushe mambo yenu ya utotoni, atakuwa anakusikiliza.

Reginald anakuamkia shikamoo shangazi. Mzee Ndesanjo anakukumbuka kwenye sala zake. Arnold hakunipa salamu za kukuletea, nami sikumwomba. Wabusu watoto kwa niaba yetu, na Mungu aulinde mgongo wako na mikono yako ya kazi.

Nabaki mimi wifi yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Agnela